Kumtafuta Babu wa Timboroa

Baada ya kumhimidi Mola na kumswalia Mtume wake, twarejea kwa wasomaji wetu, na hasa mama zetu na dada zetu, ambao twajua ndio wenye kuyasoma maneno haya kwa sauti majumbani baada ya Isha.

Tulipoandika juu ya nyumba za urithi zisizogawanywa, tulidhani tutaulizwa hisabu za mafungu. Barua zilizotufikia hazikuuliza hisabu, ziliuliza watu. Warithi wa hapa mjini wajulikana. Wa bara hawajulikani. "Babu alikuwa na mke mwengine huko juu," ndivyo zilivyosema barua kadhaa, kila moja kwa namna yake, na kila moja ikitaja mahali pake: Nakuru, Kibwezi, Eldama Ravine, Kisumu. Moja ilitaja Timboroa, na hiyo ndiyo tutakayoieleza leo, kwa idhini ya wenyewe na bila ya kuwataja majina.

Familia hii ni ya Mji wa Kale, Mombasa. Babu yao alikuwa mfanyakazi wa reli. Alifariki Mombasa katikati ya miaka ya 1950, akaacha nyumba ya mawe ya ghorofa moja, mke, mwana mmoja wa kiume na binti mmoja. Nyumba haikugawanywa. Watoto walikaa humo, wakafa humo, na wajukuu sasa wamekuwa wengi kuliko vyumba. Wametaka kuuza. Walipokaa kuandika orodha ya warithi, shangazi yao mkongwe, ambaye miaka yote hakuulizwa neno, akasema kwamba kuna binti mwengine. Mama yake aliolewa Timboroa.

Wengi wetu wa pwani tumeipita Timboroa usiku ndani ya basi la Eldoret, tukajifunika shuka na kuendelea kulala. Ni mji mdogo wa barabarani, kati ya Nakuru na Eldoret, karibu kabisa na mstari wa Ikweta, na juu ya hayo una baridi ya kukereketa mifupa. Kando ya barabara huuzwa viazi, kabichi na maziwa. Lakini katika historia ya reli jina lake ni kubwa. Reli iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Ziwa Viktoria mwaka 1901, na haikupita Timboroa. Njia ya pili ndiyo iliyopita huko, ile iliyotoka Nakuru kupanda uwanda wa Uasin Gishu, ikafika Eldoret mwaka 1924. Stesheni ya Timboroa iko futi 9,001 juu ya usawa wa bahari, na karibu na hapo njia yafika kilele chake, futi 9,136, ambacho kilihesabiwa kuwa mahali pa juu kabisa pa reli katika himaya nzima ya Mwingereza. Mtu aliyezaliwa Kibokoni, akioga maji ya chumvi tangu utotoni, alipelekwa huko kuangalia njia ya reli. Si ajabu alioa. Tuseme kweli, ajabu ingekuwa asingeoa.

Wajukuu hawakujua pa kuanzia. Mmoja wao, kijana afanyaye kazi Eldoret, alikwenda kwenye ofisi moja akaambiwa alete cheti cha kuzaliwa cha babu. Cheti hicho hakipo, wala hakikuwahi kuwapo. Kuandikisha vizazi na vifo hakukuwa lazima kwa Wakenya wote mpaka mwaka 1971, na mzee wa pwani aliyezaliwa mwanzoni mwa karne iliyopita tarehe yake ya kuzaliwa ni njaa fulani, au vita fulani, au msimu wa kaskazi mwaka alipofariki fulani. Kijana akakata tamaa, kisha kwa kuwa ofisi ya maktaba ya umma ilikuwa njiani mwake, akaingia.

Hapa ndipo twataka kukaa kidogo, kwani watu wetu wengi huidhani maktaba kuwa ni mahali pa watoto wa shule kufanyia mitihani. Mkutubi aliyemkuta, binti wa makamo wa watu wa huko huko, hakumwambia "hatuna." Wala hakumwambia "tunacho," kwa sababu hakuwa nacho. Alimkalisha akamuuliza maswali matatu: babu alifanya kazi gani, aliishi wapi kwa miaka ipi, na nani aliyemzika. Jina, akasema, tutaliuliza mwisho.

Hiyo ni hekima ambayo sisi tuliosomea chuoni twapaswa kuijua kabla yake. Jina la mtu wetu ni jina lake na la baba yake na la babu yake, na ukoo huja nyuma kabisa ukija. Karani wa kikoloni alitaka majina mawili tu, na aliyaandika kama sikio lake lilivyoyasikia. Khamis huwa Hamisi, Hamis, hata Amisi. Mwinyi hugeuzwa jina la mtu. Abubakari huwa Bakari katika karatasi moja na Abu katika nyingine. Mwenye kutafuta herufi kwa herufi atarudi mikono mitupu. Na ile safu ya kabila ndiyo ya kutahadhari nayo zaidi: zama zile kuandikwa Mwarabu, Mswahili au mwenyeji kulibadili kodi aliyolipa mtu na haki alizopata, basi watu waliandikwa walivyotaka au walivyotakiwa. Safu ile ni ushahidi wa siasa ya mwaka ule. Ushahidi wa damu haumo.

Mkutubi alimfungulia kijana Gazeti Rasmi la Serikali, ambalo limechapishwa tangu mwaka 1899 na sasa matoleo yake mengi husomwa bure kwenye intaneti. Wasomaji wetu watastaajabu kuambiwa kwamba gazeti hilo kavu limejaa marehemu. Humo yamo matangazo ya mirathi, na jina la aliyekufa na mahali alipofia. Zimo taarifa za kuteuliwa makadhi na mamudiri. Yamo matangazo ya ardhi. Babu wa Timboroa hakumo. Wakubwa wa reli waliandikwa humo wakipandishwa vyeo na wakienda likizo Ulaya. Fundi aliyekaza reli kwenye baridi hakuandikwa. Hata hivyo saa mbili zile hazikupotea, kwa sababu kijana alifahamu kitu ambacho wengi hawakifahamu: karatasi za serikali zilimwandika mtu pale tu serikali ilipotaka kitu kwake, yaani kodi, kazi, ardhi au kesi. Kwa hivyo huulizwi babu yako alikuwa nani. Waulizwa serikali ilitaka nini kwake.

Kwa mtu wa reli, njia ni hizi. Kuna Nyaraka za Taifa jijini Nairobi, zenye taarifa za wilaya za zama za ukoloni, na matawi yake yako Mombasa, Nakuru, Kisumu na Kakamega. Liko Jumba la Makumbusho ya Reli, Nairobi, lililofunguliwa mwaka 1971. Tena mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa reli huweza kuwa na faili la aliyestaafu karibuni. Lakini reli imebadilisha wenyewe mara nyingi. Mwaka 1948 iliungana na bandari na reli za Tanganyika, mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na mwaka uliofuata likaundwa Shirika la Reli la Kenya. Kila nyumba ikihamwa mara tatu, vitu hupotea. Na kwa familia za huko juu yenyewe kuna msiba wa karibu zaidi: fujo za mwisho wa mwaka 2007 na mwanzo wa 2008 ziliunguza nyumba nyingi pande za Burnt Forest na majirani zake, na ndani ya nyumba hizo vyeti, picha na masanduku.

Upande wa pwani tuna hazina ambazo bara hawana, na twasikitika kwamba wenyewe hatuzitumii. Ndoa na talaka za Waislamu zilitakiwa kuandikishwa kwa sheria ya mwaka 1906, na vitabu vya makadhi vimebeba majina ya mawalii na mashahidi, ambayo mara nyingi yana faida kuliko majina ya maarusi. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 iliwalazimu wenye mashamba na viwanja vya pwani kuja kudai vyao, na katika madai hayo mtu hutaja aliyemrithi, na yule naye alimrithi nani, na jirani yake wa upande wa kibla ni nani. Ziko nyaraka za Zanzibar kwa wale ambao wazee wao walitumikia Sultani. Kwa wenye wazee waliokuwa wanavyuoni, kitabu cha Sheikh Abdallah Saleh Farsy cha mwaka 1972 juu ya wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki kingepaswa kuwa katika kila maktaba ya mwambao, maana chaeleza nani alisoma kwa nani, na mara nyingi mwanafunzi ndiye mkwe. Na hati za Msikiti wa Riyadha, Lamu, zilipigwa picha kwa mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuhifadhi nyaraka zilizo hatarini.

Turudi kwa kijana. Mkutubi alipomaliza karatasi alimwambia maneno haya: "Sasa nenda Timboroa, na usiulize wanaume." Akamwambia aulize wanawake wazee ni nani aliyezaliwa na mtu wa reli, Mswahili, aliyekuwa akiswali. Kijana alikwenda siku ya soko. Kwa muda wa nusu saa alikuwa ameketi mbele ya bibi ambaye mama yake alikuwa akiuza maziwa landi za reli, na bibi yule alimwonyesha nyumba.

Yule binti amekwisha fariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Aliacha mabinti wawili, wote Waislamu. Mkubwa wao ana duka dogo la viazi. Alipoelezwa khabari hakulia wala hakucheka. Aliingia ndani akatoka na karatasi iliyokunjwa ndani ya kitambaa cha kanga kuukuu. Alisema ni Qur'ani. Bibi yake aliwaambia wasiifungue ovyo, kwa hiyo iliwekwa juu ya kizingiti kuwa kinga ya nyumba, na ilipohamwa nyumba ilihamishwa nayo. Kijana naye, na twasema haya kwa masikitiko kwa kuwa amepita mikononi mwa madrasa zetu, hakuweza kuisoma. Aliipiga picha akampelekea mkutubi. Mkutubi hajui Kiarabu hata herufi, lakini aliona jambo: mistari ilikuwa na tarakimu, na chini palikuwa na majina yaliyoandikwa kwa mikono mitatu tofauti. Akasema, hii ina sahihi, na kitu chenye sahihi ni mapatano. Mpelekee mwalimu wako wa chuo.

Ndivyo karatasi ilivyotufikia. Si Qur'ani. Ni Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kwa mkono mzuri usio na haraka, nacho ni khabari ya ndoa. Yasema fulani bin fulani bin fulani, mtu wa Mombasa, amemuoa fulani kwa mahari kadhaa, mbele ya mashahidi wawili, mwezi wa Mfungo Mosi, mwaka 1359. Mfungo Mosi kwetu ni Shawali, na Shawali ya mwaka ule iliangukia Novemba 1940. Mwenye kuhesabu miezi kwa kidole bila kujua kwamba sisi huanza kuihesabu mifungo baada ya Ramadhani angelifikiri ni Muharamu, akakosea kwa miezi tisa. Na katika mambo ya nasaba miezi tisa si kitu kidogo.

Je, karatasi hii yathibitisha? Hapa tuwe waangalifu. Nasaba katika sheria yetu husimama kwa ndoa sahihi, kwa kukiri kwa mwenyewe, au kwa ushahidi, na madhehebu yetu ya Kishafi yakubali pia ushahidi wa istifadha, yaani jambo lililoenea na kujulikana kwa watu wengi ambao haiwezekani kudhania wamepatana kusema uwongo. Karatasi ya maktaba, picha, hata faili la reli, ni ya kutia nguvu tu. Mkutubi hutafuta, kadhi ndiye huhukumu, na mkutubi mwema hajifanyi kadhi. Bali shangazi mkongwe wa Mombasa na yule bibi wa maziwa wa Timboroa, wasiowahi kuonana, wamesema jambo moja, na karatasi ikasema la tatu linaloafikiana.

Ama kilicho mezani si kidogo. Mzee aliacha wake wawili, mwana wa kiume mmoja na mabinti wawili. Mafungu yake ni 32. Wake wawili hushirikiana thumni, yaani mafungu 4, kila mmoja 2. Yaliyobaki 28 ni ya watoto, mwana wa kiume 14, na kila binti 7. Binti wa Timboroa alikuwa na 7 katika 32 ya nyumba ile tangu siku aliyokufa baba yake, kabla hata ya kuhesabu kilichomfikia kutoka kwa mama yake. Hiyo ni zaidi ya khumsi ya nyumba. Wajukuu wa Mombasa wangeliuza bila ya kumtafuta, wangelikula mali ya yatima kwa miaka sitini na zaidi, na wangeliapa mbele ya wakili kwamba warithi wote ndio hao.

Tumeulizwa pia: na lau wale wa bara wangekuwa si Waislamu? Mahakama ya Kadhi, kwa Katiba ya mwaka 2010, husikiliza mirathi pale ambapo wote wenye shauri ni Waislamu nao wamekubali kuhukumiwa hapo. Basi shauri lingebadilika njia. Mirathi baina ya dini mbili haipo kwetu, lakini zawadi ipo, wasia wa mpaka thuluthi upo, na undugu wa tumbo haukatwi na lolote. Twajua nyumba ambazo walitumia tofauti ya dini kuwa kisingizio cha kutotafuta. Huo ni ujanja, na ujanja huo wajulikana.

Mama zetu, kuna sehemu ya kazi hii ambayo hakuna maktaba wala mahakama iwezayo kuifanya isipokuwa nyinyi. Shajara za koo tulizozihifadhi sisi wanaume ni za wanaume: fulani bin fulani, mpaka Hadhramaut, mpaka Shiraz, na katika watu ishirini huoni mwanamke hata mmoja, kana kwamba waliota kama uyoga. Aliyejua kwamba kuna mtoto Timboroa alikuwa mwanamke, na aliyejua nyumba yake alikuwa mwanamke. Tena kuna ziwa. Mtoto aliyenyonyeshwa mara tano ndani ya miaka miwili ya mwanzo amekuwa ndugu kwa watoto wa aliyemnyonyesha, na hawaoani. Hili haliandikwi na serikali yoyote, nasi sasa twaozesha watoto Eldoret, Nairobi na Muscat. Basi kila mama na achukue daftari la mtoto wa shule, aandike nani alinyonya kwa nani, akaliweke pamoja na vyeti.

Kisha liko lile ambalo watu huligusa kwa ncha ya kidole. Utumwa ulifutwa katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Mwenye kupekua karatasi za pwani atakutana nao, na mara nyingine atakutana nao ndani ya nyumba yake: bibi wa bibi aliyekuwa suria, au babu aliyeandikwa kwa jina la bwana wake mahali pa jina la baba. Tumeona karatasi zilizochanwa kwa ajili hiyo. Mtoto wa suria ni mtoto huru, hurithi kama ndugu zake wa kwa mke, na hakuna khitilafu katika jambo hilo. Aibu, ikiwapo, ni ya mwenye kuchana. Kujinasibisha na asiyekuwa baba yako, kwa upande wa pili, ni katika mambo yaliyokatazwa vikali mno, hata kama huyo wa kubuni ni sharifu. Kwa wakutubi twaongeza neno: mtu akikutana na khabari kama hiyo mbele yako, mpishe, usisome juu ya bega lake, na usiende kuihadithia nje. Siri ya msomaji ni amana.

Shauri la familia hii limefikishwa kwa kadhi, na mabinti wawili wa Timboroa wameitwa. Shangazi ameomba wafikie kwake na si hotelini, na ameshaanza kuuliza kama watu wa kule hula samaki.

Wenye karatasi za herufi za Kiarabu wasizozifahamu na walete Alkhamisi baada ya Alasiri, mahali petu pa darsa. Leteni picha ya simu, asili ibaki nyumbani. Msiipake gundi, msiitie ndani ya plastiki ya kubanwa kwa moto, wala msiandike juu yake kwa kalamu. Nyuma ya picha andikeni imetoka sanduku la nani na nani aliyelipewa kabla yake, na kama kuna mzee aliye hai aliyemjua mmoja wa waliotajwa, mje naye.